Betri inayoisha chaji gari likiwa limezimwa: tupime kwanza kabla ya kununua nyingine

Mwanzisha uzi (Nyakato, Mwanza)

Wakuu, habari za majukumu. Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu ninaletewa mara kwa mara magari ambayo wenyewe wameshabadilisha betri, na baada ya muda mfupi betri mpya nayo inashindwa kuzungusha stata asubuhi. Mwenye gari hurudi dukani kulalamika, muuzaji huipima betri na kusema ni nzima, fundi wa mtaani husema ni ya bandia, na katika mabishano hayo yote hakuna hata mmoja aliyepima ni umeme kiasi gani unatoka kwenye betri wakati gari limeegeshwa na funguo iko mfukoni. Kipimo hicho hakihitaji kompyuta. Kinahitaji mita ya kawaida ya umeme, spana namba kumi, na uvumilivu wa nusu saa hadi saa moja. Kwa uzoefu wangu, kinachokosekana zaidi si mita bali huo uvumilivu, na nitaeleza sababu.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo dalili yake ni moja. Betri inaweza kuwa imechoka yenyewe ndani, ikawa haishiki chaji hata ukiiweka rafuni bila kufungwa popote. Inaweza kuwa nzima lakini haijazwi, kwa sababu alteneta ni dhaifu, mkanda unateleza, au gari linafanya safari fupi fupi za Kirumba na mjini huku taa, kiyoyozi na feni vyote vinawaka kwenye foleni. Au inaweza kuwa nzima na inajazwa vizuri, ila kuna kitu kinaila wakati gari limelala. Uzi huu unahusu jambo la tatu, lakini hulifikii kwa haki kabla hujaondoa yale mawili.

Kuyatenganisha tunaanza na volti. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ina vyumba 6, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1, ndiyo maana betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na kama robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, na ikifika 12.0 imebaki karibu robo na stata itaanza kusuasua. Usipime mara tu baada ya kuzima injini, kwa sababu volti za wakati huo ni kama povu la soda iliyotoka kumiminwa, zinapanda juu kisha zinashuka zenyewe. Ama uache gari lilale usiku kucha, ama uwashe taa kubwa dakika moja au mbili, uzime, usubiri kidogo, ndipo upime. Baada ya hapo washa injini. Ukisoma kati ya 13.8 na 14.7, alteneta inachaji. Ukibaki kwenye 12 na pointi kadhaa, tatizo lako liko kwenye kuchaji. Mwisho mwambie mtu apige stata wewe ukiangalia mita: betri iliyojaa ikishuka chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka, ishuku betri yenyewe kabla ya kushuku kingine.

Ikiwa hayo yote yako sawa na bado gari haliwaki baada ya kuegeshwa, sasa tutafute kinachokula. Gari lenye kompyuta haliwezi kuwa na matumizi sifuri. Saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini na kipokezi cha rimoti ya milango vyote vinahitaji umeme kidogo muda wote, na kiasi cha kawaida ni miliampea 20 hadi 50. Miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 tu (yaani ampea zikizidishwa kwa saa), kwa hiyo betri nzima ya ampea-saa 45 inaweza kukaa zaidi ya wiki mbili na bado ikawasha gari. Lakini nusu ampea, yaani miliampea 500, ni ampea-saa 12 kwa siku, na kufikia siku ya pili zaidi ya nusu ya betri hiyo imeondoka. Tofauti ya namba hizi mbili ndiyo tofauti ya kwenda safari ukiwa na amani na kurudi ukaanza kuwaomba watu wakuazime moto.

Namna ya kufunga mita ni hii. Zima kila kitu, toa funguo. Kwenye mita, waya mweusi ubaki palipoandikwa COM, na mwekundu uhamishie tundu la 10A, si lile la miliampea ambalo fyuzi yake ndogo huungua papo hapo. Fungua kichwa cha hasi cha betri, kisha weka mita kati ya nguzo ya hasi na kile kichwa ulichokitoa, ili umeme wote wa gari upite ndani ya mita. Kuanzia hapo usipige stata na usiwashe swichi ya funguo, kwa sababu stata huvuta ampea nyingi mno na utaiua mita. Na ukimaliza kazi, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla ya kufanya lolote jingine. Mtu akiuacha kwenye ampea halafu akaigusisha mita kwenye nguzo mbili za betri, ameziunganisha nguzo hizo moja kwa moja, na cheche zake si za kuchezea.

Kuna tahadhari kwa wenye redio za Kijapani zilizokuja na gari. Nyingi za Toyota hujifunga betri ikitolewa na kudai namba ya siri ya ERC. Kabla ya kufungua kichwa cha hasi, unganisha waya mnene wenye klipu kutoka nguzo ya hasi ya betri hadi kwenye chuma safi cha injini. Sasa unaweza kutoa kichwa na kufunga mita bila umeme kukatika. Mita ikishakaa vizuri ndipo unautoa ule waya, na umeme unahamia kwenye mita. Njia hii ina faida nyingine: gari haliamshwi upya, na wakati mwingine kinachokula betri ni kompyuta iliyoganda bila kulala, ambayo ukiikatia umeme inajirekebisha na ushahidi unapotea.

Sasa nije kwenye uvumilivu. Ukifunga mlango na kutoa funguo, kompyuta za gari hazilali hapo hapo. Dakika za mwanzo mita inaweza kusoma ampea moja, mbili, hata zaidi, kisha namba inashuka kwa ngazi kadiri kila kompyuta inavyojizima. Magari mengi hutulia kati ya dakika 10 na 30, na baadhi huchukua muda zaidi. Fundi anayesoma ampea 1.5 katika dakika ya pili na kutangaza kwamba kuna shoti amehukumu gari lililokuwa bado macho. Ukifungua mlango, taa ya ndani inawaka na hesabu inaanza upya. Kwa hiyo jiandae mapema: fungua kifuniko cha boksi la fyuzi lililo chini ya dashibodi, shusha kioo, kisha usukume kitasa cha kufuli cha ubavuni mwa mlango kwa bisibisi hadi kijifunge, ili gari liamini mlango umefungwa ingawa uko wazi. Fanya vivyo hivyo kwenye boneti kama gari lina alamu yenye swichi ya boneti. Funguo zisizochomekwa, zile za kubonyeza kitufe, zipeleke mbali na gari, kwa sababu zikiwa karibu gari linaendelea kuzungumza nazo. Nimeona nyumba ambazo funguo hutundikwa ukutani nyuma tu ya mahali gari linapolala.

Namba ikishatulia juu ya miliampea 50 au 80, ndipo tunatafuta njia ambayo umeme unapitia. Wengi wetu tumezoea kuchomoa fyuzi moja moja huku tukiangalia mita, na njia hiyo inafanya kazi, ila kuchomoa na kurudisha fyuzi kunaweza kuamsha kompyuta na kukupotezea nusu saa nyingine. Ninayoipenda zaidi ni hii: acha fyuzi mahali pake, weka mita ya pili kwenye milivolti, na gusa vile vitundu viwili vidogo vya chuma vilivyo mgongoni mwa fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme itasoma sifuri. Inayopitisha itaonyesha sehemu ya milivolti au zaidi, kwa sababu kila fyuzi ina ukinzani mdogo. Kwenye fyuzi ndogo ya ampea 10, milivolti moja ni zaidi ya miliampea 100. Ukikutana na namba hiyo wakati gari limelala, umepata mtaa. Nyumba utaitafuta kwa kusoma kwenye kifuniko fyuzi hiyo inalisha nini, na kuchomoa kifaa kimoja kimoja.

Kwa magari yetu haya yaliyokuja yametumika kutoka Japani, shuku kwanza kitu chochote kilichofungwa baada ya gari kutoka kiwandani. Redio za kule zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya kuanzia 76 hadi 90, kwa hiyo wengi tunabadilisha redio ili tupate stesheni zetu. Redio mpya ina waya wa njano unaotakiwa kupata umeme muda wote kwa ajili ya kumbukumbu, na mwekundu unaotakiwa kupata umeme funguo ikiwa imewashwa tu. Mfungaji anayetaka redio ipige bila funguo huisokota miwili hiyo pamoja. Matokeo yake redio hailali kamwe, na kama aliisokota na waya wa gari lenyewe, basi hata tundu la kiberiti na chochote kilichochomekwa humo kinabaki na umeme usiku kucha. Baada ya redio kuna alamu, kifaa cha kufuatilia gari kilichoachwa na mmiliki wa zamani, kamera ya barabarani, na taa za urembo.

Karibuni kwa maswali, na mwenye gari linalosumbua alete vipimo vyake hapa tuvijadili.

Mchangiaji (Kirumba)

Asante sana kaka kwa somo hili. Mimi nina pikapu ndogo ya kubebea samaki kutoka Mwaloni, na kwa kuwa inanuka nalazimika kuioshesha kila jioni. Nikiiegesha saa nne usiku, alfajiri ninapotaka kuwahi mnadani betri haina hata nguvu ya kuwasha taa ya dashibodi. Fundi anasema maji yanaingia kwenye nyaya. Sina mita. Je, kuna ninachoweza kuangalia kwa macho kabla sijamwita mtu mwingine?

Mwanzisha uzi

Dada, betri nzima kuisha ndani ya usiku mmoja maana yake kinachokula ni kikubwa, ampea kadhaa, na kitu kikubwa kiasi hicho mara nyingi hutoa mwanga au joto. Usiku wa leo, baada ya kufunga gari, subiri giza, zima taa za nje ya nyumba, kisha lizunguke polepole. Angalia taa za breki, taa ya namba, na upenyo wa kisanduku cha dashibodi. Taa mbili za breki za wati 21 kila moja huvuta takriban ampea 3.5, na kwa muda wa kama saa saba, tangu saa nne usiku hadi alfajiri, hizo ni karibu ampea-saa 25, kwa hiyo betri ndogo haiwezi kuvumilia.

Ukikuta taa za breki zinawaka bila mtu kukanyaga, inama uangalie juu ya pedali ya breki. Kuna swichi yenye kichwa kidogo kinachobonyezwa na pedali ikiwa imepumzika, na kwenye mkono wa pedali kuna kizibo kidogo cha mpira au plastiki kinachogusana na kichwa hicho. Kizibo hicho kikizeeka hupasuka vipande vipande, kichwa cha swichi kinatokeza kwenye tundu lililobaki, na taa zinabaki zimewaka. Chini ya miguu, kwenye kapeti, utaona mabaki yake kama makombo.

Halafu gusa rilei, zile swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme, kwenye boksi lililo ndani ya boneti, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Rilei iliyolala inatakiwa kuwa baridi kama chuma kilicho jirani nayo. Yenye uvuguvugu bado inafanya kazi, na hapo una pa kuanzia.

Maji nayo yana nafasi yake, ila yana dalili zake: kijani kwenye pini za soketi za taa za nyuma, au unyevu ndani ya kioo cha taa. Wanaokuoshea gari waambie mashine ya presha wasiielekeze kwenye boksi la fyuzi wala kwenye alteneta.

Mchangiaji (Kirumba)

Ni taa za breki. Nimezikuta zimewaka na makombo meupe nimeyaona kwenye kapeti, kama ulivyoandika. Nimefunika lile tundu kwa muda, taa zimezima. Kizibo chenyewe ninaweza kukipata wapi?

Mwanzisha uzi

Maduka ya spea za magari ya Kijapani huwa nacho, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri. Mpelekee muuzaji kipande kilichobaki ili alinganishe kipenyo. Hicho ulichozibia kwa sasa usikitegemee muda mrefu, maana kikichomoka ukiwa njiani dereva wa nyuma yako hatajua lini unashika breki kweli na lini hushiki. Betri pia ichajiwe kwa chaja hadi ijae. Safari ya Kirumba na mjini haitoshi kuirudisha.

Mchangiaji (Igoma)

Mkuu, mimi ni dereva wa Hiace ya abiria. Fundi wangu akitaka kujua kama alteneta ni nzima, anatoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma. Injini isipozima, anasema alteneta ni nzima na betri ndiyo mbovu. Njia hiyo unaionaje? Naona umeandika mambo ya mita tu.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, naomba usimruhusu tena, na ninalisema hili kwa uzito wote. Betri ikiwa imefungwa inatuliza umeme wa alteneta. Ukiitoa ghafla wakati alteneta inachaji, volti zinaruka juu kwa kishindo kwa muda mfupi sana, na muda huo mfupi unatosha kuchoma redio, kidhibiti cha alteneta, dayodi zake, au kompyuta ya injini. Mafundi wazee walijifunza njia hiyo kwenye magari yasiyo na kompyuta hata moja. Isitoshe, haithibitishi wanachodhani inathibitisha: injini ya dizeli ya zamani yenye pampu isiyohitaji kompyuta inaweza kuendelea kuunguruma hata alteneta ikiwa imekufa kabisa, mradi kizimio chake cha mafuta hakihitaji umeme ili kibaki wazi. Mita inakupa jibu ndani ya sekunde tano bila kuhatarisha kitu.

Mchangiaji (Nyegezi)

Mwangaluka wakuu. Nimekuwa nikifuatilia uzi huu kimya kimya, sasa naleta vipimo vyangu. Nina gari la abiria saba. Ijumaa jioni huliegesha mjini na kupanda meli ya Nansio kwenda kuwaona wazazi Ukerewe, na Jumatatu asubuhi nikirudi stata inatoa mlio wa kugonga tu. Betri hii ni mpya, ya zamani niliitupa kwa tatizo hili hili. Nikilitumia gari kila siku halisumbui hata kidogo.

Betri iliyotulia baada ya kuchajiwa kwa chaja: 12.65. Injini ikiwaka bila mzigo: 13.6, na nikiwasha taa zote na feni inashuka hadi 13.0. Nimefunga mita kwa njia ya waya wa pembeni uliyoieleza. Ilianza na ampea 1.9, ikashuka kwa ngazi, na baada ya nusu saa imetulia kwenye miliampea 420. Nimepima fyuzi zote za chini ya dashibodi na za kwenye boneti kwa milivolti. Nyingi ni sifuri, mbili zina milivolti 0.1 tu. Nikaona nisikosee, nikachomoa moja moja pia. Mita haikuhama kwenye 420, labda 410. Nimebaki nimeduwaa, umeme huu unapita wapi kama haupiti kwenye fyuzi?

Mwanzisha uzi

Vipimo vyako ni vizuri sana, mkuu, na hesabu inakubali: kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni kama saa 60, na miliampea 420 kwa saa 60 ni ampea-saa 25. Betri ya ampea-saa 45 ikipoteza 25, mlio wa kugonga ndio unaoutarajia.

Umeme usiopita kwenye zile fyuzi ndogo una njia tatu. Ya kwanza ni waya uliofungwa moja kwa moja kwenye nguzo ya betri na mtu aliyeongeza kifaa. Ya pili ni waya mnene wa stata. Ya tatu ni waya mnene wa alteneta, ambao kwenye magari mengi hupita kwenye fyuzi kubwa ya ampea 100 au 120 iliyofungwa kwa boliti na kuandikwa ALT. Hiyo huwezi kuichomoa kwa vidole, ndiyo maana inarukwa.

Anza na rahisi. Hesabu nyaya zinazotoka kwenye kichwa cha chanya. Ukiona waya mwembamba usiofanana na wa kiwandani, hasa wenye fyuzi yake ya kuning'inia au uliofungwa kwa selotepu, ufuate kwa mkono hadi mwisho wake, kisha uutoe huku ukiangalia mita.

Kisha twende kwenye alteneta, ambayo kwa volti zako 13.6 zinazoshuka hadi 13.0 mimi tayari ninaitilia shaka. Ndani yake kuna dayodi zinazogeuza umeme wa mawimbi kuwa wa moja kwa moja, na kazi yao nyingine ni kuzuia umeme wa betri usirudi nyuma gari likizimwa. Dayodi moja ikianza kuvuja, alteneta inaendelea kuchaji kwa unyonge mchana, na usiku inageuka kuwa mnywaji. Kipimo cha kwanza: injini ikiwa inaunguruma na taa zimewaka, weka mita kwenye volti za AC na upime kwenye betri. Alteneta nzima hutoa sehemu ndogo sana ya volti, ukivuka 0.5, dayodi zina tatizo.

Kipimo cha kuhakikisha: zima, fungua kichwa cha hasi cha betri kwanza, kisha fungua nati ya waya mnene nyuma ya alteneta na uchomoe na soketi yake ndogo. Ncha ya waya ule izungushie tepu ya umeme vizuri, kwa sababu ukirudisha betri itakuwa na umeme na haitakiwi kugusa chuma popote. Funga mita tena kwenye hasi na usubiri gari lilale. Usiwashe injini katika hali hiyo.

Mchangiaji (Buhongwa)

Samahani kuingilia. Kwa nini asifungue tu kichwa cha hasi kila Ijumaa na kukirudisha Jumatatu? Mimi nafanya hivyo na gari linawaka.

Mwanzisha uzi

Kama mpango wa muda haukatazwi, na kwa gari lisilotumika mwezi mzima ni jambo la busara. Lakini kwa mwenzetu huyu kuna dayodi inayoweza kuwa inazidi kuharibika, na alteneta isiyochaji ipasavyo itamwacha njiani mchana, jambo ambalo kufungua kichwa cha betri hakuliponyi. Pia kichwa kinachofunguliwa na kukazwa kila wiki hulegea, na kichwa kilicholegea huleta ukinzani, joto, na chaji isiyoingia. Kuna na ile kero ya redio kudai namba ya siri na vioo vya umeme kupoteza mpangilio wake wa kujifunga vyenyewe.

Mchangiaji (Nyegezi)

Narudi na majibu. Kwenye chanya nilikuta waya mwembamba mwekundu umefichwa ndani ya mpira wa kiwandani. Nimeufuata hadi nyuma ya dashibodi, kuna kiboksi cheusi kidogo cha kufuatilia gari ambacho sikukifunga mimi, nadhani ni cha aliyeniuzia. Nimekitoa, mita imeshuka kutoka 420 hadi 360. Nilifurahi, kisha nikaona safari bado.

Volti za AC injini ikiwaka na taa zote: 0.9. Nikafungua alteneta kama ulivyoelekeza, nikazungushia tepu, nikasubiri gari lilale. Mita imesoma miliampea 28.

Mwanzisha uzi

Hongera, umeipata. Ni dayodi za alteneta, zilizokuwa zinakula 330 kati ya zile 420, na kile kiboksi kilikuwa kinajazia.

Kwa matengenezo una njia mbili. Unaweza kumpelekea fundi wa alteneta na stata akubadilishie sahani ya dayodi peke yake. Mwombe apime na kidhibiti cha volti na urefu wa kaboni wakati imefunguliwa, kwa kuwa gharama kubwa ya kazi hiyo ni kuifungua. Au unaweza kununua alteneta nzima iliyotumika, na hapo sharti lako liwe kupima volti za AC kabla ya kulipa, kwa sababu iliyotoka kwenye gari lililovunjwa inaweza kuwa na ugonjwa ule ule. Mimi ningechagua njia ya kwanza.

Mchangiaji (Nyegezi)

Nilifuata ushauri, fundi amebadilisha sahani ya dayodi na kaboni mbele yangu. Volti injini ikiwaka na taa zote sasa ni 14.2, za AC ni 0.04, na gari likilala ni miliampea 29. Wikiendi hii nilikwenda Ukerewe kama kawaida, na Jumatatu betri imesoma 12.3 gari likawaka kwa mara ya kwanza. Swali langu la mwisho: kama hakuna kinachokula tena, kwa nini si 12.6?

Mwanzisha uzi

Kwa sababu betri hiyo, ingawa ni mpya, imeshashushwa hadi karibu na chini mara kadhaa, na kila betri ya kuwashia gari ikikaa bila chaji hujenga salfeti ngumu juu ya sahani zake za risasi ambayo hupunguza uwezo wake. Inawezekana pia haikuwa imejaa ulipoiacha Ijumaa. Iweke kwenye chaja ya ampea 4 au 5 usiku mzima, mahali penye hewa na mbali na moto, kwa kuwa hutoa gesi ya haidrojeni. Kama ina vizibo, angalia kwanza maji yafunike sahani na uongeze maji yaliyokenekwa (distilled) peke yake, si asidi. Futa na uso wake kwa kitambaa chenye maji ya magadi bila kuyaruhusu yaingie ndani, maana vumbi lenye unyevu wa asidi juu ya betri nalo hupitisha umeme kidogo kutoka nguzo moja hadi nyingine.

Ikitoka kwenye chaja iache saa 12 bila kuifunga, kisha ipime. Ikishika 12.6 au zaidi, irudishe kwenye gari na uipige stata ukiangalia mita. Ikibaki juu ya 9.6, endelea nayo. Ikishuka chini ya hapo, betri ya tatu utakayonunua utaifunga kwenye gari lisiloila.